Namba ya Presha Haichaguliwi

Faris mwanangu,

Leo hutanimalizia sentensi, na ndiyo sababu nimeamua kuandika. Tangu ulimi wangu uwe mzito, kila nikianza jambo unanisaidia kulimaliza. Unafanya kwa mapenzi, najua, lakini mara nyingi unalimalizia kwingine. Jana nilisema, "Faris, ile presha..." ukadakia, "Najua Baba, nipunguze chumvi." Juzi nilijaribu tena, "Siku ile ya vipimo..." ukasema, "Vimeshapita Baba, viza imetoka, usiwe na wasiwasi." Ukanibusu mkono, ukashuka ngazi mbio kwenda kununua sanduku. Nikabaki na neno langu mdomoni kama mtu mwenye kokwa ya tende asiyejua aitemee wapi.

Sasa ni baada ya Alasiri. Mama yako yuko chumbani kwako anayakunja mashati aliyokwisha kuyakunja. Wewe umeenda Mchikichini kutafuta koti, maana umesikia viyoyozi vya Maskati vinagandisha watu ofisini. Mambo ya pasi, tiketi na chakula cha njiani atakwambia mama yako. Ameshakwambia, na kesho asubuhi atakwambia tena. Mimi nina jambo moja tu. Nitalizunguka kwanza kwa sababu linaniogopesha, lakini nitafika.

Wewe ulipopata habari zangu ulikuwa chuoni Morogoro. Ulikuja ukanikuta wodini, mdomo umeenda upande, mkono wa kushoto umelala kama si wangu. Tangu hapo nyumba nzima tunasema "siku ile Baba alipoanguka." Mimi sikuanguka, Faris. Nilikuwa nimekaa. Na jambo lenyewe lilianza zamani kabla ya siku ile, nikiwa mzima, napanda ngazi hizi za Mchafukoge na katoni la nyuzi begani.

Walikuja watu wa afya wakapiga hema karibu na msikiti, wanapima bure. Nilikaa kwa sababu kulikuwa na kivuli na kiti, si kwa sababu nilikuwa naumwa. Sista akanifunga mkanda mkononi, mashine ikavimba, ikanibana, ikapumua. Akasoma, "Mia na sitini na nane kwa mia na mbili. Mzee, hii iko juu. Nenda hospitali wakakupime tena."

Nikamuuliza, "Sasa hapo ya kweli ni ipi?"

"Zote mbili."

"Nimeelewa zote mbili, lakini ya kweli ni ipi?"

Akanitazama, akatazama na foleni nyuma yangu. "Zote mzee wangu. Anayefuata!"

Utacheka, na cheka tu, lakini mimi ni mtu wa duka. Maisha yangu yote nimeuza zipu, vifungo na lastiki kwa mafundi wa Kariakoo, na katika biashara yangu namba zikiwa mbili, ya juu ni ya kutajia na ya chini ndiyo ya kuuzia. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama yako presha yangu ni mia na mbili. Akasema Alhamdulillahi, akanitilia wali.

Namshukuru kwa kuwa hakuridhika. Baada ya siku chache alinikokota hospitali. Nikapimwa tena na tena, bado iko juu, nikapewa vidonge. Nikavimeza kwa adabu. Mama yako akanunua mashine ya nyumbani, ile ya mkanda wa bluu, nami nikawa daktari wa nafsi yangu. Asubuhi moja ikasoma 126 kwa 80. Nilifurahi mpaka nikawapigia watu simu. Nilimwambia jirani yetu dukani, "Bwana, nimepona!" Akanipongeza. Na mtu aliyepona anameza dawa za nini? Nikasema dawa imemaliza kazi yake, na zaidi ya hapo itaniharibia figo. Hilo la figo sikuambiwa na daktari. Nilisikia barazani kwenye kahawa.

Hapo ndipo nilipokosea. Mashine haikusema nimepona. Ilisema dawa inafanya kazi. Leo naona wazi kama mchana, lakini wakati ule hakuna aliyeweza kunieleza, kwa sababu sikumuuliza mtu ambaye angenijibu nisichokitaka.

Nilipoacha dawa sikuumwa. Nataka ulielewe hili kuliko yote nitakayoandika. Kichwa hakikuuma. Kizunguzungu sikukiona. Nililala vizuri, nilikula, nilibishana na wateja, nilicheka. Presha inapanda mtu akiwa anacheka. Watu wakinieleza kuhusu presha nilikuwa nawajibu, "Mimi nausikia mwili wangu." Mwili wangu, Faris, haukuniambia neno hata moja.

Mashine ndiyo iliyoniambia, nami nikajifunza kuiziba mdomo. Siku moja ikasoma 164 kwa 98. Nikasema nimetoka kupanda ngazi. Nikapumzika kidogo, nikapima: 158. Nikasema mkanda umelegea. Nikapima tena, na tena, mpaka ikaja 146, na hiyo ndiyo niliyomtangazia mama yako. Mtu anayechagua embe sokoni huchagua lililo zuri, na mimi namba za mwili wangu nikazichagua hivyo hivyo. Na pale chini kuna ile namba ya tatu, ya mapigo ya moyo. Yangu ilikuwa sabini, sabini na mbili, kila siku. Nikawa naitegemea hiyo. Mama yako akiuliza nasema, "Moyo uko sawa, tazama, unapiga taratibu kama saa ya ukutani."

Siku yenyewe alikuja dukani Mama Rehema, yule fundi cherehani anayerekebisha nguo za mitumba. Alitaka zipu nyeusi ndefu. Nikainua mkono wa kushoto kuzitoa kwenye msumari, mkono ukafika nusu, ukarudi wenyewe. Zipu zikamwagika sakafuni. Nikataka kusema, "Samahani Mama Rehema, subiri kidogo." Niliyasikia maneno hayo kichwani, safi kabisa, lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa kama mtu anayeongea na maji mdomoni. Akacheka, akidhani namtania. Kisha akanitazama vizuri, nikaona cheko linamtoka usoni.

"Baba Faris! Mdomo wako! Jamani njooni, mdomo wake umeenda upande!"

Wakanibeba kwenye bajaji. Njia nzima nilikuwa najaribu kumwambia Mama Rehema afunge duka, na kila nikisema ananijibu, "Ndiyo, ndiyo, Baba Faris, tulia," na nilijua haelewi. Sikuogopa kufa. Niliogopa kwamba kuanzia siku ile nitasema na watu watasema ndiyo, ndiyo.

Hospitali walinipima, namba ya juu imevuka mia mbili. Mshipa wa kichwani ulikuwa umeziba. Kiharusi. Baadaye, nilipoanza kuelewa mambo, daktari mmoja wa kike, kijana tu wa rika lako, alivuta kiti akakaa, jambo ambalo wengine hawakuwa na nafasi ya kulifanya. Nikamuuliza kwa shida lile swali langu la kwanza: ya kweli ni ipi? Akaningoja nilimalize.

Alinieleza hivi. Moyo unajikaza, unasukuma damu, na damu inazisukuma kuta za mishipa. Nguvu ya msukumo ule ndiyo namba ya juu. Kisha moyo unalegea ili ujae tena, na msukumo unapungua ila hauishi. Huo uliobaki wakati moyo umepumzika ndio namba ya chini. Ya kweli ni zote, kwa sababu mishipa haipumziki katika moja wala nyingine. Yoyote ikikaa juu muda mrefu, mishipa inachakaa, ya kichwani, ya moyo, ya figo, ya macho. Figo nilizokuwa nazihurumia nilikuwa naziumiza kwa kuacha dawa.

"Na ile ya tatu?" nikamuuliza. "Si sabini?"

"Ile ni hesabu tu, mzee wangu. Moyo umepiga mara ngapi kwa dakika. Haikwambii umepiga kwa nguvu gani. Unaweza kupiga taratibu kabisa na damu ikapita kwa kishindo."

Nikageukia ukuta. Hakuna aliyenitukana, lakini sijawahi kuona haya kama siku ile.

Sasa nimefika, Faris.

Ulipoenda kupimwa kwa ajili ya viza, mara ya kwanza ulirudi umenuna. Tulikuuliza, ukasema, "Wamenipiga kalenda tu, eti presha 158 kwa 96. Mashine yao mbovu. Mimi niko fiti, nacheza mpira kila Jumapili." Nilikutazama ukikata mkate huku unaongea, na sauti ilikuwa yako lakini maneno yalikuwa yangu. Wakakwambia upumzike urudi siku nyingine. Ukarudi, ukapita. 134 kwa 84. Ukaingia na keki, mama yako akapiga vigelegele mpaka majirani wa chini wakafungua mlango.

Ijumaa iliyopita mama yako alikuwa ananifunga vifungo vya kanzu niende msikitini. Siku hizi, kama unavyojua, vifungo vimenishinda, mimi niliyeviuza. Akafika katikati, mikono ikasimama. Nikadhani kifungo kimekatika. Kumbe analia.

"Baba Faris, nina neno. Nilimwahidi mtoto nisiseme."

Nikamwashiria akae.

"Asubuhi ile ya vipimo vya pili, nilimkuta jikoni ameshika dawa zako. Amemeza. Nilimwambia, 'Faris, hizo za baba yako!' Akaniambia, 'Kimoja tu Mama, ili ishuke. Usimwambie Baba, atanizuia safari.' Nami nikanyamaza. Nilitaka aende. Kijana amekaa nyumbani tangu amalize chuo, kila siku anatafuta kazi, anarudi na viatu vina vumbi tu. Nikasema kimoja hakimdhuru."

Usimkasirikie mama yako. Amelibeba jambo hili peke yake mpaka limemtoa machozi. Mimi nilikaa kitandani, kanzu nusu imefungwa, na Ijumaa ile nilichelewa hotuba.

Sikukasirika kama unavyoweza kufikiri. Ningekuwa na ulimi wangu wa zamani pengine ningepiga kelele, na wewe ungepiga kelele, na yangeishia hapo. Badala yake nimekaa nalo siku zote hizi, na limenisumbua kwa namna nyingine. Linalonitesa ni kwamba sijui. Mara ya kwanza inawezekana ilikuwa hofu tu. Ulipanda ngazi, ulikuwa na haraka, ulibanwa na mkojo, ulikuwa unaongea na simu huku wanakupima. Yote hayo yanaipandisha namba, na kuna watu presha yao hupanda wakiona koti jeupe tu. Kipimo kimoja hakimfanyi mtu mgonjwa. Pengine mara ya pili ungepita hata bila kidonge. Lakini sasa hatutajua, kwa sababu ile namba ya pili si yako. Ni ya kidonge changu, au yako na ya kidonge pamoja, na hakuna wa kuzitenganisha. Unapanda ndege ukiwa na namba ya kuazima, na namba yako ya kweli hakuna aliyeiona.

Na ile dawa waliipima kwa mwili wangu, Faris. Walinitoa damu, wakaangalia figo, wakajaribu moja, wakabadili. Mtu hamezi dawa ya mwenzake kama anavyovaa kandambili zake.

Bibi yako, mama yangu, alilala jioni moja akiwa mzima, asubuhi hakuamka. Tulisema ni kazi ya Mungu, na ni kazi ya Mungu, sibishani. Lakini katika umri wake wote sikumbuki mtu aliyewahi kumfunga mkanda mkononi. Kisha mimi. Damu hii inapita mahali fulani, na wewe ndiye unayefuata. Presha haiombi ruhusa kwa ujana wala kwa mpira wa Jumapili.

Sitaki ukae ukijipima mchana kutwa kama nilivyofanya mimi, hiyo nayo ni maradhi. Ninachotaka ni ujue namba yako ya haki. Kaa kwanza, tulia, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuikunja nne, mkono usiofunikwa na nguo juu ya meza, usawa wa moyo. Usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara. Ndiyo, najua kuhusu sigara. Usiongee. Pima, ngoja kidogo, pima tena, na uandike zote, hata ile inayokuchukiza, hasa hiyo. Fanya siku kadhaa, asubuhi na jioni. Ikiwa karibu na 120 kwa 80, au chini ya hapo, mshukuru Mungu uendelee na maisha yako. Ikiwa siku baada ya siku inagonga 140 kwa 90 au zaidi, hata upande mmoja tu, hiyo ni presha, na mtu wake ni daktari, si mimi wala si wenzako wa kazini. Mapigo nayo ukiwa umetulia yakiwa kati ya sitini na mia ni kawaida. Ukikimbia au ukiwa na homa au hofu yatapanda, na yatashuka. Lakini ukiyahisi yanarukaruka bila mpango, nayo yaseme kwa daktari. Na siku utakayoona namba ya juu imefika mia na themanini, au ya chini mia na ishirini, tulia upime tena, na ikibaki hapo muone daktari siku hiyo hiyo. Kama kuna maumivu ya kifua, au pumzi fupi, au mkono umekosa nguvu, au maneno yanakataa, usipime tena, usimalize kazi, usisubiri mtu afunge duka. Nenda.

Nimeandika kama mhubiri, na nilijiahidi nisifanye hivyo. Nisamehe. Ni woga.

Sasa la mwisho, na hili hutalipenda.

Jana ulipotoka nilimpigia ami yako Said, ndugu yangu, huko Maskati. Nilifikiri sana kabla ya kupiga. Ndiye anayekupokea, ndiye anayekupa kazi kwenye duka lake la vipuri, na nilijua nikimweleza anaweza kusema hataki kijana mgonjwa. Mama yako alinisihi nisipige. "Utamharibia mtoto riziki," alisema, na alikuwa amesimama mlangoni mikono kichwani. Nilipiga hivyo hivyo. Nilikuona mdomo wako umeenda upande, Faris. Kila nikifumba macho nakuona wewe, si mimi, chini ya kaunta, zipu zimemwagika, katika nchi ambayo hakuna atakayejua ulikuwa unajaribu kusema nini.

Ami yako akaniona kwenye simu ya video, akasema, "Sema taratibu kaka, leo sina haraka." Nikasema. Ilinichukua muda, na mate yakanitoka, na hakuangalia pembeni. Nikamwambia vipimo viwili, nikamwambia kidonge. Nilipomaliza aliinuka akafunga mlango wa chumba alichokuwemo.

Kisha akasema, "Kaka, na mimi nameza vidonge."

"Vidonge vya nini?"

"Presha. Mwaka wa ngapi sasa sijui. Anajua mke wangu tu. Nilipokuona umelala hospitali nilitaka kukwambia, nikaona haya."

Tukatazamana, watu wazima wawili, ndevu nyeupe, watoto wa mama mmoja. Yeye akaanza kulia, nami nikamfuata, na mama yako akaja mbio akidhani kuna msiba.

Kazi yako ipo. Amesema duka ni lake na haogopi presha, anaogopa uongo. Ukifika utapumzika kwanza, kisha atakupeleka kwa daktari wake, utapimwa bila kidonge cha mtu, siku zaidi ya moja. Kama huna kitu, tutafurahi sote. Kama unacho, utameza dawa zako mwenyewe, zenye jina lako, hata zikikuonyesha namba nzuri. Mtameza pamoja baada ya chakula, wewe na ami yako.

Barua hii nitakupa mkononi kesho, ukiwa umeshaagana na mama yako, maana ukiisoma leo utakuja kubishana na mimi, na unajua siku hizi ukibishana na mimi unashinda. Utaona nimeitoa siri yako kwa mtu uliyetaka akuheshimu, na utakasirika safari nzima ndani ya ndege.

Nikasirikie, mwanangu. Chukua miaka mingi unikasirikie. Nataka tu unikasirikie ukiwa mzima.

Baba yako